Hodi Duniani

Kipande cha kioo hakikuwa na kosa lolote mpaka Mize Kombo, fundi wa vioo, alipokigusa kwa ncha ya bisibisi. Ulisikika mlio kama kofi la shavuni, mwanga mweupe ukapita ndani yake, na bisibisi ikamruka mkononi. Alipofumbua macho aliona mti. Ulikuwa umeota ndani ya kioo, shina pale pale ncha ilipogusa, matawi membamba kuliko nywele yakitambaa hadi upande wa pili.

Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akatoa tusi ambalo mama yake angemfinya kwa sababu yake, akakaa juu ya kasha la vifaa. Hofu ilikuja baadaye. Kwanza alikasirika, kama anavyokasirika mtu aliyeuza ng'ombe kwa sifa zote akaja kumkuta na kidonda chini ya tumbo.

Maana kipande hicho kilitoka tanuri moja na siku moja na kioo kikubwa cha Baraza. Alikuwa amekifunga nje, kando ya dirisha, ili kipigwe na mionzi ileile inayompiga ndugu yake mkubwa. Kama mdogo ameshiba umeme kiasi hiki, mkubwa je? Na keshokutwa, mbele ya watu wote wa Ukingoni, mama yake mwenyewe angemgonga huyo mkubwa kwa pete ya fedha.

Ukingoni ni makazi yaliyochimbwa kwenye ukingo wa shimo moja la Mwezini, na watu wake huishi chini ya mwamba kama fuko, kwa kuwa juu hakuna hewa wala wingu la kuzuia mionzi ya jua na ya nyota. Dirisha ni moja tu, la ukumbi wa Baraza. Nje kuna kioo chembamba kinachozuia hewa isitoroke. Ndani kuna kile kinene, kizito, kilichoyeyushwa kwa mchanga, risasi na bismuti, ambacho kazi yake ni kuzuia mionzi. Ukikaa mbele yake unaiona Dunia. Pale haichomozi wala haichwi. Inaning'inia palepale juu ya vilima vya kijivu, ikinenepa na kukonda.

Watoto wanaozaliwa Ukingoni hawatakanyaga Dunia kamwe. Mifupa yao huota mepesi, na uzito wa huko ungeivunja. Kwa hiyo siku ya arobaini, ambapo bibi zao walikuwa wakimtoa mtoto nje ya nyumba aone jua, wao humpeleka mtoto Baraza. Mkubwa wa ukoo hugonga kioo kwa pete mara tatu na kusema: "Hodi Duniani! Tumekuletea mtoto wako." Ukumbi mzima huitikia: "Karibu!" Ndiyo ziara yake ya kwanza, na ndiyo ya mwisho.

Sasa, kioo cha zamani kilikuwa kimeungua. Mionzi ikipita kwenye kioo huwang'oa elektroni mahali pao na kuwatupa kwenye vishimo ambamo hukaa na kumeza mwanga; kioo kikaanza rangi ya chai, kikaishia rangi ya kahawa. Kuzuia mionzi kilikuwa kinazuia vilevile, kwani kinachozuia ni uzito, si weupe. Lakini nani anasikiliza hayo akiwa amembeba mjukuu? Mtoto baada ya mtoto alionyeshwa doa. Ndipo Mize alipopika kioo kipya, chenye seriamu ndani, madini yanayozuia kioo kisiungue. Siku kilipofungwa, Dunia ilionekana buluu na mawingu yake, wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakalia kama watoto, na Mize akabebwa juu juu kama bibi harusi.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kioo cha zamani kilikuwa kikivujisha umeme wake kidogo kidogo. Hiki chake kilikuwa safi na kibahili; kila elektroni aliyeingia alibaki ndani. Na kwa kuwa hakikuungua, watu walikuwa wameacha hata kushusha pazia la chuma la nje wakati wa dhoruba za jua. Walikaa wakitazama.

* * *

Bwana Mndolwa, Mkuu wa Makazi, alikigeuzageuza kile kipande chini ya taa.

"Kizuri," alisema.

"Si kizuri, Bwana Mkuu. Kimepasuka."

"Lakini kimepasuka vizuri. Tazama matawi haya! Ungeambiwa mtu amekaa akachonga."

Mize akavuta pumzi. Alieleza upya, taratibu, kwa maneno ya darasa la tatu. Umeme umejaa ndani ya kioo kama watu waliosongwa chumbani pasipo mlango. Ukikigonga kwa chuma, umewafungulia mlango. Watatoka wote kwa mara moja, na wakitoka watavunja ukuta. Kioo kinene kikipasuka, vipande vyake vinaweza kupiga kile chembamba kinachoshika hewa. Na ukumbini siku hiyo watakuwamo watu wote, na watoto wote.

"Vinaweza," alisema Mndolwa.

"Ndiyo, vinaweza."

"Hukusema vitapiga."

"Siwezi kusema vitapiga. Ndiyo maana nasema vinaweza!"

Mndolwa alimimina kahawa, nayo ikashuka kwenye kikombe polepole kama asali, kama kila kitu kinavyoshuka Mwezini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyependa kila jambo liishe kabla ya kahawa kupoa. "Fundi Mize, kioo kile watu wanakiona kwa macho yao. Mwenye macho haambiwi tazama. Wameshaletwa watoto watatu, kimegongwa, kimenyamaza. Dawa yake ni ipi?"

"Tukitoe, tukirudishe tanurini. Joto litauvujisha umeme. Hapo ukutani hatuwezi kukipasha, gundi ya fremu itayeyuka. Wakati huo turudishe cha zamani, bado kiko ghalani."

"Kile cheusi kama kaniki?"

"Kile."

"Keshokutwa?"

"Leo."

Alicheka, si kwa dharau, kwa kuchoka tu. "Watu wamekwisha pika. Hapana, mama. Tutaweka tangazo: usigonge kioo."

"Wazee huja Baraza kugonga kioo, Bwana Mkuu. Unawaandikia tangazo wasigonge?"

"Tangazo kubwa," alisema Mndolwa, kwa sauti ya mtu aliyekubali kupunguza bei. Na Mize aliponyoosha mkono kuchukua kile kipande, Mkuu alikuwa ameshakisimamisha mezani, juu ya karatasi zake, na mti wake ukimeremeta. "Niachie hiki. Kitapendeza hapa."

Kumpigia mbuzi gitaa kuna nafuu, Mize alijiambia akitoka. Mbuzi angalau hakuombi umwachie gitaa.

* * *

Bi. Somoe alikuwa amempakata mjukuu wake, akimpaka mafuta miguuni, pete ikimcheza kidoleni kwa kuwa mkono ulikuwa umekonda. Ilikuwa pete nene ya fedha, aliyovishwa na mama yake huko Wete, Duniani, akaja nayo huku juu ilhali aliambiwa asibebe kitu kisicho na kazi. Hidaya, mdogo wake Mize na mama wa mtoto, alikuwa akikunja nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo umwone Shaame alivyonenepa. Atakaa mbele ya Dunia hiyo kama sultani."

Mize alisema aliyokuja kusema. Hakukuwa na njia nzuri ya kuyasema, akayasema vibaya, kwa mkato, akiwa amesimama.

Bi. Somoe aliendelea kupaka mafuta. "Kwa hiyo nisigonge."

"Usigonge kwa pete. Au tukizungushie kidole kitambaa..."

"Kitambaa! Huko ni kubisha hodi au kupangusa vumbi?"

"Mama, naomba unisikilize."

"Nimekusikiliza. Sasa nisikilize mie. Huyu mtoto ana kwao, na kwao hatafika. Mie n'liyefika n'tamwingiza kwa watu kimya kimya, kama mwizi? Hodi haina madhara, mwanangu. Mwenye madhara ni anayeingia bila kubisha."

"Ya kwako haina. Kioo ndicho kilicho nayo."

"Kioo umekipika wewe," alisema mama yake, na sasa alimtazama. "Mbona ulituambia kizuri?"

Mize alijua ni swali la haki. Alikuwa amekipenda kioo kile kuliko alivyopenda kukipima. Aliposifiwa, alisifika.

"Dada," Hidaya alisema, na macho yake yalikuwa yamejaa, "watoto wa wenzangu wameiona kwa kioo chako hichohicho. Wa kwangu ndiye aonyeshwe doa?"

"Wa kwako ndiye nisiyetaka afe, Hidaya!"

Alikuwa amepaza sauti. Mtoto akaanza kulia. Bi. Somoe alimweka begani, akampigapiga mgongo, akamwambia binti yake mkubwa kwa upole uliouma kuliko ukali: "Sikio la kufa halisikii dawa, ndivyo unavyotuona sasa?"

Mize alikaa kitako sakafuni kama alivyokuwa akikaa utotoni. Alihisi uchovu hadi kwenye meno. Alikuwa na ukweli mkononi, mzito kama risasi, na hakuna mtu hata mmoja aliyetaka kuupokea. Hata yeye mwenyewe, kama angepata wa kumtwisha, angeutua.

Alipoondoka aliomba pete. "Nikung'arishie kwa ajili ya siku yenyewe," alisema. Mama yake akaivua papo hapo, akampa kwa mikono miwili, amefurahi kwamba hatimaye mtoto amekubali.

* * *

Siku iliyofuata alipita Baraza. Tangazo la Mkuu lilikuwapo, kubwa kama alivyoahidi, ila halikusomeka. Akina mama wa mapambo walikuwa wamelifunika kwa maua ya karatasi, na maua hayo walikuwa wakiyaning'iniza kwenye kioo kwa vijikulabu vya chuma.

"Msiguse!" alipiga kelele, akaruka hadi kwao, na Mwezini mtu akiruka kwa hasira hutua mbali kuliko alivyokusudia. Aliangukia viti. Wakamwinua, wakamkung'uta, wakamwambia pole, fundi, na mmoja akamhakikishia kwamba kulabu hazikwaruzi. Walidhani anaogopa mikwaruzo.

Alizitoa kulabu moja moja, akiwa amevaa glavu za mpira, akiwa ameshikilia pumzi. Wanawake wakatazamana. Mwenye kioo chake, macho yao yalisema.

Alifikiria kudanganya. Angeweza kusema pazia la chuma limekwama, dirisha halifunguki. Uongo huo ungempa siku moja. Wenye nguvu wangelivuta pazia hilo kwa kamba. Angeweza kukivunja kwa nyundo kukiwa hakuna watu. Lakini hapo wangesema: kioo chochote ukikipiga nyundo kitavunjika. Wangemdai kingine kama hicho, nacho kingejaa umeme kama hicho, na pete ya mzee mwingine ingekuja kukibishia hodi siku nyingine ambayo yeye hayupo. Iliyobaki ilikuwa njia moja, ya pete yenyewe, naye hakuipenda. Ilimlazimu kuwanyang'anya kitu wanachokipenda kuliko vyote bila ruhusa yao, na tena kumkosesha mtoto wa mdogo wake siku yake. Na je, kama kioo kingenyamaza? Angekuwa amewafungia watu nje kwa hofu yake tu.

Aliamua, na uamuzi haukumpa raha yoyote.

* * *

Asubuhi ya arobaini aliingia Baraza kabla ya wenye shughuli. Alishusha pazia la chuma la nje mpaka chini, ili kama kile chembamba kitapigwa, chuma kishike hewa. Dunia ikafichika. Kisha akaufunga mlango kwa ndani.

Akafunga waya wa shaba kwenye pete, ncha ya pili akaifunga kwenye fremu, umeme upite huko usipite kifuani mwake. Hakuwa mjinga, alikuwa amekasirika tu. Akavaa miwani ya tanurini, akavaa pete kidoleni. Ilimbana.

Nje walianza kufika. Alisikia vicheko, harufu ya udi ikapenya chini ya mlango. Kitasa kikazungushwa.

"Hodi!" aliita mtu. "Fundi, uko ndani? Hodi!"

Hakuitika. Tangu azaliwe hakuwahi kuacha hodi bila jibu, na aliona aibu halisi, ya usoni.

"Mize!" Ilikuwa sauti ya Mndolwa. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Fungua!"

Alikigonga kioo mara moja.

Kioo kilitoa mlio mdogo, mzuri, kama kikombe. Nje wakanyamaza, maana waliusikia. Kila mtu wa Ukingoni aliujua mlio huo.

Akagonga mara ya pili. Mlio uleule tu, na furaha na fedheha zikamjia Mize kwa pamoja. Basi alikosea. Basi kioo chake ni kizima, na yeye ni mwendawazimu aliyefunga mlango siku ya arobaini ya mtoto wa mdogo wake. Alitamani iwe hivyo. Alitamani kwa moyo wote aonekane mjinga.

Akagonga mara ya tatu.

Hakuusikia mlipuko, aliuhisi kwenye mifupa. Ukumbi wote uligeuka mweupe. Alipopata kuona tena alikuwa chali katikati ya viti, waya umekatika, na mti ulikuwa umesimama ukutani kutoka sakafu hadi dari, mizizi yake pale alipogonga, kila tawi likizaa tawi. Kipande kimoja, kikubwa kama sahani, kilichomoka juu, kikashuka taratibu kama vitu vya Mwezini vinavyoshuka, kikatua pale hasa anaposimama anayembeba mtoto.

Alitambaa hadi mlangoni, akaufungua.

"Karibuni," alisema, na hakujisikia akisema.

Waliingia kwa kishindo, wakasimama. Mtu akashika mdomo. Mwanamke mmoja akaanza kulia kama kwenye msiba, na wengine wakampokea.

"Umekivunja," alisema Mndolwa. Alikuwa amepauka. "Umekivunja! Nyundo iko wapi?"

"Hakuna nyundo."

"Nyundo iko wapi?"

Wakaanza kuitafuta. Wanaume wazima, katika kanzu zao za shughuli, waliinama wakachungulia chini ya viti, wakafunua mapazia, wakapekua kasha la vifaa. Mize alisimama katikati yao, masikio yakimlia, akatamani kucheka. Alikuwa amewapa ushahidi mkubwa kama ukuta, na wao wanatafuta nyundo.

Bi. Somoe alikuja taratibu, Shaame kifuani, hakutazama kioo wala watu. "Pete yangu iko wapi?"

Mize akanyoosha mkono. Kidole kilikuwa kimevimba, chekundu, na fedha ya Wete ilikuwa imeyeyuka upande mmoja ikapoteza umbo. Isingetoka bila kukatwa.

Mama yake aliushika mkono ule, akaugeuza. Akatazama kile kipande chini, na mahali kilipotua. Akamtazama mtoto. Alikaa hivyo hadi walio karibu naye wakaacha kupekua, kisha na wa mbali nao.

"Acheni kutafuta," alisema. "Nyundo ni hii. Leo ingekuwa kidoleni kwangu, na huyu ningekuwa nimembeba."

Mndolwa alikuwa bado ameinama, mkono mmoja juu ya kiti, naye akabaki vivyo hivyo, kama aliyesahau namna ya kujinyoosha. Hidaya alimchukua mwanawe akamkumbatia mno, mtoto akalia. Kisha akampa dada yake mgongo. Alimkasirikia, na angemkasirikia kwa siku nyingi, na Mize alijua kwamba hiyo nayo ni haki.

* * *

Kioo cha zamani kilirudishwa ukutani, watu wakafunga fremu bila nyimbo. Shaame alikuwa ameshaanza kutabasamu siku yake ilipofika, amepita arobaini kwa mbali, na watu waliokuja walikuwa wachache kuliko waliopikiwa.

Kioo kilikuwa cheusi kuliko Mize alivyokumbuka. Bi. Somoe alikisogelea hadi pua ikakaribia kugusa.

"Iko wapi, mwanangu? Siioni."

"Hapo, mama." Mize aliushika mkono wake, akauelekeza. "Kushoto kidogo. Lile doa."

"Hilo?"

"Hilo."

Bi. Somoe alilitazama doa. Pete hakuwa nayo tena. Alikunja kidole kitupu, chenye alama nyeupe mahali pete ilipokaa maisha yote, akagonga. Sauti ilikuwa hafifu, ya mfupa.

"Hodi Duniani. Tumekuletea mtoto wako."

"Karibu!" ukumbi ukaitikia.

Mize peke yake hakuitikia pamoja nao. Alikuwa ameyafumba macho, mabega yamempanda masikioni, akingojea mlipuko. Haukuja. Mama yake akagonga mara ya pili na ya tatu, na kioo kikakaa kama kioo. Ndipo akafumbua macho, akamwona Shaame amelala fofofo mikononi mwa bibi yake, uso ukiwa upande wa watu, si wa kioo, wala mtoto hakuona kitu chochote.

"Karibu," alisema Mize, wenzake wakiwa wameshamaliza.